Inchi Tisa Kasoro Robo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa ushirika wetu wa ushonaji, ndugu wageni waalikwa, wenzangu wa cherehani, na wewe Bibi Mkasi unayetuaga leo: kabla sijafika mbali, naomba radhi. Mwanangu sasa hivi ameinyakua karatasi hii na kuitafuna kona ya juu. Kwa hiyo kama kuna mkubwa nimemruka kwenye salamu, cheo chake kiko tumboni mwa mtoto.

Ndugu zangu, mimi nimeshtuka, na mpaka saa hii sijatulia.

Bibi aliposema anahamia kwa binti yake, bara jingine, niliiendea ile ramani ya dunia iliyo ukutani juu ya meza ya pasi, nikapima kwa futi yangu kutoka mji wetu hadi mji ule. Inchi tisa kasoro robo. Nikacheka! Si mkono mfupi wa shati huo? Na Bibi mwenyewe alishaniambia, "Meza ya kukatia nakuachia wewe. Ukikwama nipigie, nitakuja." Nikalala kama pono.

Basi jana akaja mkata tiketi za ndege kupimwa suruali. Nikamwonyesha vipimo vyangu pale ukutani. Akanitazama kwa huruma.

"Dada, hizo ni kilometa elfu nane na mia tisa. Saa kumi na moja hewani."

"Bila kituo?"

"Ushuke wapi, mawinguni?"

Pini zote zikanidondoka mdomoni. Elfu nane na mia tisa! Sasa nikikosea bega, huyo Bibi atafika lini? Nani hapa hajui kwamba mshono hufumuliwa, lakini kitambaa kikishakatwa kimekatwa? Mimi niliyeishia darasa la sita, niliyepokewa hapa na mimba ya miezi saba wakati kwingine kote nilifungiwa mlango, nisimame na mkasi peke yangu?

Nikamkimbilia. "Bibi, ulijua ni mbali hivi?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeushika mkasi?"

Jamani! Na mnavyomwona ametulia hivyo, kama maji mtungini. Mwaka mzima mwanangu amelala chini ya meza yake, ndani ya kapu la vipande, na kila akitaka kukata, Bibi aliinama kwanza kuhakikisha mtoto hajauvuta upindo. Mtu wa namna hiyo utampima umbali wake kwa ramani gani?

Bibi, nenda salama, mwanao anakungoja. Mimi nina sare arobaini za shule, na ninaogopa, lakini nitazikata hivyo hivyo. Wageni wetu, nawashukuruni kwa masikio yenu na subira yenu. Na wewe Bibi, neno langu la mwisho kwako ni kwamba, kwa kweli, mimi—

"Fundi! Kitambaa cha sare kimeshushwa! Njoo ukikague kabla gari halijaondoka!"

Bibi, wanakuita mlangoni.

"Siyo yeye! Wewe!"