Mama Friza na Picha Namba Tatu

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa sita mchana, fundi sanifu wa maabara yetu ya seli atakabidhi funguo za friza kubwa na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili kazini. Wengi wenu hamjui jina lake la kwenye kitambulisho. Mnamjua kama Mama Friza. Katika muda wote huo alikosa kufika kwa wakati mara moja tu, siku aliyojifungua kitinda mimba wake, na hata siku hiyo alituma ujumbe kwamba rafu ya tatu isiguswe.

Alikuja kuosha chupa. Baada ya miaka miwili alikuwa akilisha seli, kuzigandisha na kuziamsha, na waliosomea kazi hiyo wakawa wanamwuliza yeye. Aliandika kila lebo kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika kwenye baridi kali. Alivaa koti zito la mumewe katikati ya msimu wa joto. Watu wakamcheka, kisha wakawa wanaliazima. Kwenye mlango wa friza alibandika karatasi: "Kama hukuweka wewe, usitoe wewe." Bwana mmoja wa masjala alipoficha soda humo ikapasuka, Mama Friza alibandika tangazo la msiba: marehemu ameacha mfuniko na mrija, mazishi ni kwenye pipa la nyuma, rambirambi zipelekwe masjala.

Mkurugenzi aliniomba niandike aya nne za namna hiyo za kumuaga, kwa ajili ya taarifa yetu ya kila mwezi, kwa kuwa nilikuwa mkuu wa maabara kwa miaka ishirini na minne. Akanitumia na mfano wa kufuata: "mtiifu, mnyamavu, mwenye tabasamu." Niliusoma nikiwa kitandani, damu ikanichemka. Mnyamavu? Yule mama alisema. Sisi ndio tulioziba masikio, na wa kwanza kuyaziba ni mimi.

Ilikuwa mwaka wake wa tisa. Seli tunazozifuga chupani huishi ndani ya maji mekundu ya lishe, na kanuni yetu ilikuwa kwamba maji yaliyokaa na seli za saratani yamwagwe. Mwezi ule lishe mpya ilichelewa kufika. Ili seli nzima, zisizo na saratani, zisife njaa, Mama Friza alichukua maji ya saratani, akayachuja hadi isibaki seli hata moja, akayachanganya na lishe kidogo iliyobaki. Hakuniuliza. Siku ya pili, seli nzima zilizokuwa zimebanana kama vigae vya sakafu zilianza kuachana na kutambaa, kama za saratani.

Mtu mwingine angemwaga chupa na kunyamaza. Yeye alirudia mara tatu, saa za chakula cha mchana. Akaenda jengo la pili kuazima mashine ya kuzungusha mirija yenye mzunguko mkali kuliko yetu, akayazungusha yale maji mpaka ukatuama utando mwembamba chini ya mrija. Maji ya juu hayakufanya kitu tena. Ule utando ndio uliozifanya seli zitambae. Akaniletea daftari, picha zikiwa zimebandikwa kwa gundi, tarehe kwa penseli pembeni, akaniambia: "Mzee, hawa wanatuma barua. Wanatangulia kuandaa nyumba kabla ya mwenyewe kuhamia."

Nilimwambia ni uchafu. Nilimwambia mwosha chupa asinifundishe saratani, na nilisema hivyo mbele ya wenzake. Kisha nikaamuru chupa zote zichemshwe, na nikaweka kwenye faili lake barua ya onyo yenye mistari minne: uzembe, na kuchafua seli. Daftari nililitia kwenye droo yangu.

Utando ule leo una jina: eksosomu. Ni vifuko vidogo mno ambavyo seli hutoa nje, vikiwa na ujumbe ndani. Seli nzima huvitoa pia, lakini saratani huvitumia kwa hila: husafiri na damu hadi kwenye mfupa, ini au pafu, vikazilaghai seli za huko na kuulainisha mwili upokee uvimbe ambao bado haujafika. Nilisikia habari hizo mkutanoni, ng'ambo, miaka kumi na moja baada ya kuchemsha chupa zake. Niliporudi nilifungua droo, nikatoa daftari, nikaandika makala. Majaribio yake, picha zake, hata ule mfano wa barua na nyumba. Jina lilikuwa moja, langu.

Alikuja ofisini na nakala mkononi. Nilijiandaa kwa matusi. Alisema tu: "Mzee, picha namba tatu umeigeuza juu chini," akaenda zake kulisha seli. Ndivyo ilivyo. Niliibandika kichwa chini kwa kuwa sikuwa mimi niliyeipiga. Kila niliposhangiliwa kwa makala ile, picha ile ilikuwa pale, na tarehe yake ya penseli imepinduka pembeni. Hakuna msomi hata mmoja aliyeuliza. Mimi nilijua, na nilipokea pongezi.

Sasa saratani ya tezi dume imenifika uti wa mgongo. Daktari wangu, msichana mpole, alinieleza kwamba kuna vifuko vinavyotangulia kuandaa nyumba. Nikamwuliza mfano huo kautoa wapi. Akasema kwa heshima: "Kwenye makala yako, Profesa." Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Binti yangu ndiye anayeandika, maana vidole vyangu havishiki kalamu. Tumegombana. "Baba, tuandike jina lake lilisahaulika." Nikamwambia aandike liliibwa. "Baba, watu watakusemaje?" Waseme. Andika liliibwa.

Kwa hiyo nasema na uongozi. Ijumaa hiyohiyo mnafungua chumba kipya cha utafiti wa eksosomu na kukipa jina langu. Kibao hicho sikitaki. King'oeni kabla wageni hawajaingia. Barua ile ya onyo, ambayo mara tano mmeifanya sababu ya kumnyima cheo, itolewe kwenye faili lake, na badala yake iwekwe hii. Jarida lililochapisha makala nimeliandikia: jina la mwandishi wa kwanza ni lake, na picha namba tatu igeuzwe. Msiniambie taratibu zina mlolongo. Kumwandikia onyo kulinichukua dakika tano. Na mhariri wa taarifa yetu akikata mstari hata mmoja hapa, binti yangu atakuja ukumbini na kuusoma kwa sauti. Ana sauti ya mama yake, mtajuta.

Mama Friza, asante kwa miaka thelathini na minne, ambayo ishirini na minne kati yake ulilinda friza ya mtu aliyekuibia. Msamaha siuombi, ungenipa, nakujua, na ningekufa nikijiona mwema. Binti yangu atakuletea daftari Ijumaa. Sijaongeza neno wala kufuta. Nenda nalo nyumbani, ukae mahali penye joto, koti ulitundike. Uishi miaka mingi yenye afya na wajukuu wenye kelele. Na siku watakapokuita kuzungumza ukumbini, zungumza mpaka uchoke. Safari hii watu wasikilize.