Mzee Telesphor, Mpima Makombo ya Kondoo

Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu, na wale waliosimama karibu na banda la kondoo wasogee huku mbele, please, sababu mtaisikia.

Marehemu Telesphor Oswaldi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kibaoni, katika familia ya wakulima wa mpunga, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1970 hadi 1976, akaishia darasa la saba, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa nafasi, mchezo ambao nchi hii inaucheza mpaka leo.

Tarehe 2 Februari 1983 aliajiriwa mhudumu wa mifugo katika kituo kimoja cha utafiti wa malisho, kazi yake ikiwa kumpa kondoo chakula kilichopimwa, kupima makombo aliyoyaacha, kisha kupima mavi yake, siku saba mfululizo, ili ijulikane mwili umebaki na nini. Wataalamu walikuja na degree zao, wakabeba namba zake, wakapanda vyeo, yeye akabaki na ndoo.

Tarehe 18 Oktoba 1986 alifunga ndoa na Mama Katarina kanisani Usevya, wakajaliwa watoto wawili, Wilbert, ambaye ni dereva, na Dorice, mwenye degree ya mifugo na hana kazi, don't ask.

Lipo jambo ambalo marehemu alitaka lisomwe mbele yenu, na familia ilibishana sana kabla ya kukubali. Mwezi Agosti 1997 mfuko wa kukingia mavi uliofungwa nyuma ya kondoo mmoja ulikatika, mavi yakakanyagwa, naye kwa kuogopa kufukuzwa akakisia gramu na kuziandika, baadaye wafugaji wakaambiwa kwamba majani ya karanga hayamwongezei kitu kondoo anayekula mabua ya mahindi. Hakujua kama namba yake ndiyo iliyoharibu, lakini tangu hapo hakuwa na raha.

Alistaafu mwaka 2021, akahamia hapa Shanwe, akajenga vizimba sita vya mbao, akairudia kazi ile kwa mikono yake, kondoo watatu wakila mabua matupu na watatu mabua na majani ya karanga, upimaji ukaanza Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, na wafugaji wa Mwese wakakubali kutoyachoma majani yao mpaka wasikie majibu.

Jumatano presha ilipanda, akalazwa, Dorice akashika mizani. Jioni Dorice alipofika wodini hakupewa hata salamu.

"Namba tatu kabakiza ngapi?"

"Mia mbili na kumi, Baba."

"Umepima au umekisia?"

"Nimepima."

"Haya."

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12.

Jana mchana mdogo wake, Baba Mdogo Leonidas, aliingia uani na kisu, akasema, "Nyie, msiba gani huu wa maharage, na kondoo sita wamevaa pampasi nyuma ya nyumba? Mnataka Wapimbwe watucheke?" Mama Katarina akaenda akakaa chini, mlangoni pa banda, akamjibu, "Shemeji, anza na mimi." Baba Mdogo akaondoka, ila kisu kiko kwenye koti lake mpaka sasa hivi, na kila mtu hapa anakiona.

Leo ni siku ya sita ya kupima, kati ya saba. Kondoo mmoja akichinjwa, kazi yote ni bure, na tutakuwa tumerudi kwenye kukisia. Kwa hiyo chakula cha msiba ni wali na maharage, atakayeona ameonewa, sorry, kwake pia kuna jiko.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani wa Shanwe waliobeba maji na kuni, na wahudumu wenzake waliosafiri usiku kucha, wao tu ndio wanaojua ndoo ile ilikuwa nzito kiasi gani.

Tukiinuka, jeneza litabebwa na Wilbert na wenzake. Dorice hatakwenda makaburini kumzika baba yake, anabaki mlangoni pa banda, na Baba Mdogo, tunakuomba utangulie mbele ya jeneza, tukuone.

Pumzika kwa amani, Baba, makombo ya leo asubuhi yameshapimwa.