Bolti za Binti Yake Spana

Asubuhi ile daraja la chuma la waenda kwa miguu lilifunguliwa juu ya barabara kuu, na kijiwe kizima kikageuza benchi kulitazama. Wakubwa walikata utepe, wakapiga picha, wakaondoka. Spana, fundi baiskeli mstaafu, hatulii. Kahawa inampoa mkononi. Bintiye, kitinda mimba wake, ndiye aliyekaza bolti za kiungo cha katikati, pale vipande viwili vya daraja vilipokutana hewani. Kila aliyepita ameshaelezwa, hata asiyeuliza.

— Yaani hawakuchomelea? — akauliza Kiraka, fundi viatu. — Bolti tupu?

— Bolti tupu, — Spana akajibu. — Lakini chuma chake kimepikwa kikaiva.

— Kitanda changu cha ndoa nacho kilikuwa cha bolti. Kilitulaza chini wiki ya kwanza.

Benchi likacheka. Spana akaeleza kama alivyoelezwa na binti: bolti ile hukazwa mpaka ikavutika kidogo, nayo kwa kutaka kurudi ilivyokuwa, huvibana vile vyuma hata vikagoma kuteleza. Ikishakazwa hivyo kisha ikafunguliwa, haina kazi tena, inatupwa.

— Ndiyo maana wakasema samaki mkunje angali mbichi, — akaunga mkono Redio, kinyozi, ambaye habari zote za mtaa humpitia yeye kwanza. — Ila hujamaliza. Mle ndani mna sumaku. Umeona ndege akitua pale?

Kiraka akalidaka neno hilo. Kama ni sumaku, basi mwenye jino la chuma akipita atanasa hapo hadi kesho, hata mswaki aletewe palepale. Redio akaapa kwamba tangu daraja lisimame wembe wake unavutwa upande ule, na ndiyo sababu wateja wanatoka na denge la upogo. Spana alijua ni uongo mtupu, lakini leo uongo wowote wa kumsifia binti ulikuwa mtamu.

Ndipo akafika mama mmoja mgeni, mtoto mgongoni, furushi kichwani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Malori haya yananitisha kuvuka. Hilo daraja limefunguliwa?

— Limefunguliwa, — Spana akasema, kifua mbele. — Bolti zake kakaza binti yangu.

— Hongera, baba. Sasa mbona hakuna anayepita?

Redio akaanza kutafuta kitu mfukoni. Kiraka akatazama viatu vya watu. Spana akasikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Akaweka kikombe chini.

— Nipe furushi hilo, mwanangu. Nifuate.

Walipofika katikati, lori likapita chini yao, na sakafu ikatetemeka. Spana akashika ukingo. Akainama palipoungwa: bolti zimejipanga safu kwa safu, kila moja ina mstari wa rangi ya njano, alama ya mkono wa bintiye kwamba hii nimeimaliza. Akaweka kiganja juu ya bamba la chuma, akasubiri lori jingine lipite. Bamba halikucheza. Nyuma yake akasikia nyayo. Redio na Kiraka walikuwa wanapanda, wakisukumana nani atangulie.

Ng'ambo, bintiye alikuwa anakusanya vifaa, kofia ngumu kichwani. Akamwona baba yake anashuka na furushi la watu, akaacha kila kitu.

— Umeionaje, baba?

Spana alikuwa na hotuba nzima. Ikapotea yote.

— Umekaza, mama, — alisema, na sauti yake ndiyo iliyolegea.