Nilikataa Kufungasha Virago

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe kwenye baridi ya Limuru, na asifiwe kwenye joto letu hili la Garissa! Naitwa Mwende. Wengi mnanijua kwa ovaroli ya bluu. Wapo walionong'ona kwamba mwanamke aliyeokoka havai hivyo. Basi leo nimeivaa hadi madhabahuni, mniangalie vizuri.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa karani. Nilifanya kazi miaka mingi katika shirika la misaada hapa mjini, kwenye stoo ya unga wa watoto. Nilikuwa na meza, feni juu ya kichwa na kadi shingoni. Asubuhi moja mkubwa wetu alituita wote akatuambia wafadhili wamejitoa, ofisi inafungwa. Yeye mwenyewe alikuwa akilia. Kabla ya chakula cha mchana watu walikuwa wanateremsha feni.

Mume wangu alikuwa ameshafariki, na nina watoto wawili. Niliomba kazi kila mahali mpaka nikachoka. Nikaacha kupita sokoni ili nisiulizwe, "Mama, siku hizi uko wapi?" Watoto wakirudi kutoka shule walinikuta kitandani na nguo za jana.

Kaka yangu akapiga simu kutoka Mwingi. "Mwende, rudi nyumbani. Huko si kwetu. Kazi ndiyo iliyokuweka, na kazi imeisha."

Nikafunga mifuko. Kabla ya safari nikaja hapa kanisani kuaga. Hapakuwa na mtu. Nikapiga magoti, nikafungua mdomo nimuage Mungu kwa adabu. Ndugu zangu, kilichotoka ni hasira! Nikamwambia, "Baba, mume wangu amezikwa kwenye mchanga huu. Watoto wangu wanajua Kisomali kuliko Kikamba. Nani amesema hapa si kwetu? Kama ni wewe, niambie. Kama si wewe, mimi sitoki!"

Sikusikia sauti. Sikuona mwanga. Lakini ile hofu iliyonikalia kifuani iliinuka ikaenda zake, na mpaka leo haijarudi. Haleluya!

Nikarudi nyumbani nikaanza kufungua mifuko. Jirani yangu Halima, aliyekuja kuniaga, akasimama mlangoni.

"Abaayo, dada yangu, huendi?"

"Siendi. Lakini sina kazi."

Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali, "Kaka yangu Abdi iko na karakana ya fyuma. Fijana yake imeenda Nairobi. Wewe naogopa moto?"

"Nimetoka ndani yake," nikamjibu.

Abdi aliponiona alitikisa kichwa. "Mama, hii kasi si ya wanawake." Halima akamjibu kwa Kisomali, maneno makali ambayo hakuna aliyenitafsiria, na Abdi akanipa barakoa ya kuchomelea.

Sitawadanganya. Cheche zilinichoma mikono. Macho yaliniwasha kana kwamba yamejaa mchanga. Mteja mmoja aliukataa mlango wake aliposikia ni mimi niliyeuchomelea. Mtu niliyefanya naye kazi ofisini alinikuta nimechuchumaa vumbini, akageuza uso. Niliendelea! Kila asubuhi nikiwasha mashine nilisema, "Bwana, mikono ni yako."

Kisha ikaja Ijumaa moja. Abdi na mafundi wote wa mtaa walikuwa msikitini. Lori likaingia kutoka Modogashe, limejaa mbuzi wa kwenda Nairobi. Mlango wa nyuma ulikuwa umeng'oka bawaba, umeshikiliwa na kamba inayokatika. Dereva akaniuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akacheka, akageuka kwenda kutafuta kwingine. Ndipo akashuka mwenye mbuzi, mama mmoja wa sauti nene anayeitwa Ebla.

"Wewe nacheka nini?" akamfokea. "Mimi mwanamke. Mimi nanunua mbuzi, mimi nakulipa wewe mshahara. Shusha mbuzi! Huyu mama achomelee."

Mbuzi wakashushwa kivulini. Nikaomba kimoyomoyo, nikashusha barakoa. Bawaba ya kwanza ikashika. Ya pili ikakataa. Nikaikwangua, nikaanza upya, jasho linanitiririka, dereva anapiga kelele kwamba wanachelewa soko. Sikuinua kichwa. Nilipomaliza, Ebla aliushika ule mlango kwa mikono miwili, akaning'inia na uzito wake wote! Mlango haukutikisika.

"Wallahi," akasema, "sasa tunaenda."

Tangu siku ile wenye malori ya mifugo wa Modogashe na Balambala wananiulizia kwa jina. Abdi amenigawia upande mmoja wa karakana, nifanye kazi zangu mwenyewe. Kaka yangu bado anauliza nitarudi lini. Namwambia aje Krismasi, nitampokea vizuri.

Namshukuru Mungu aliyeivumilia hasira yangu. Namshukuru na Halima, ambaye anasali kwa njia yake na hakuwahi kuniuliza yangu. Na wewe ndugu yangu uliyeambiwa ofisi imefungwa, usikubali aibu ikulaze kitandani! Mwambie Mungu ukweli wako jinsi ulivyo, mtegemee, halafu inuka. Unayetaka maombi, njoo mbele sasa hivi tuombe pamoja. Na unayetaka kazi, kesho asubuhi njoo karakana. Vaa viatu vya kufunika vidole.