Kibati cha Bunduki ya Abedi

Kijiwe cha Asumani na wenzake wawili kilikuwa gogo la reli lililotupwa nje ya stesheni ya Kindu, na kutoka pale nyumba ya bunduki ilionekana yote: matofali mekundu, dirisha moja jembamba, mlango wa chuma. Miaka ishirini na miwili nyuma, Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, iliwaamuru wawindaji wapeleke magobori yao humo yapigwe mhuri, siku mbili tu, kisha warudishiwe. Kila mmoja akapewa kibati cha shaba chenye namba. Siku mbili hizo hazijaisha hadi leo. Abedi, baba yake Asumani, alizikwa kimya, bila bunduki yake kupigwa juu ya kaburi, na mwindaji asiyepigiwa bunduki hajaagwa. Sasa, mwaka huu wa 1953, tangazo limetoka: nyumba inabomolewa, mwenye kibati aje Jumamosi kabla ya saa sita mchana achukue bunduki yake, zitakazobaki zitatupwa mtoni. Jumamosi ndiyo hiyo. Asumani alitoka kwake asubuhi na kibati cha baba yake mfukoni, namba mia mbili na kumi na mbili, akapita kijiweni anywe kikombe kimoja tu cha kahawa. Nani aliwahi kunywa kimoja pale?

— Ule njo mutego, alisema Kasimu, aliyeitwa Fataki kwa kelele zake. Umeona wapi chui anarudisha mbuzi?

— Mi naosha nguo za mukubwa mwenyewe, akadakia Godefroid. Huyu aliitwa Gazeti, kwa kuwa alisoma kila karatasi iliyosahauliwa mfukoni mwa suruali. — Nimekuta liste. Kila mwenye kibati anaandikwa, kisha anafungwa buloko!

— Uliisoma? Asumani akauliza.

— Ilikuwa imelowa. Lakini karatasi ya buloko minaijua hata ikilowa.

Wakacheka. Asumani naye akacheka, akajichukia kwa kucheka.

— Miye nitaenda kuangalia tu. Mutaka cha muvunguni...

— Atainama, Fataki akamkatiza, na akiinama fimbo inaona matako! Njo maana ya ile methali. Baba yako aliinama, akapata nini? Kibati!

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

— Tena bunduki haiko mule, Fataki akaendelea. Walishaziyeyusha kitambo. Hii reli unafikiri chuma yake ilitoka wapi?

— Reli ilikuwa hapa zamani, mbele ya kuchukua bunduki, Kasimu.

— Njo ujue ujanja yao!

Gazeti akasogea karibu, akapunguza sauti.

— Afazali ingekuwa reli. Mule ndani wamefunga roho za wawindaji. Juu ya nini nyama imepotea porini? Ukifungua ule mulango, roho ya baba yako inakuuliza ulikuwa wapi.

Asumani akasimama. Fataki akamshika kanzu.

— Haraka haraka haina baraka. Waache wengine waingie mbele. Wakitoka wazima, tunaenda wote watatu.

Akammiminia kikombe cha nne. Asumani akakaa. Aliogopa fimbo, lakini, aibu iliyoje, aliogopa zaidi kuchekwa na hawa wawili.

King'ora cha reli kikalia saa sita. Mlango wa chuma ukafungwa, mkokoteni wa bunduki zilizobaki ukateremka gatini.

Baadaye mwanamke mmoja akapanda kutoka mtoni, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa kitenge.

— Baba zangu, miye Jamila, wa Alunguli. Pirogi ya kunivusha haijafika. Kahawa iko?

— Ile njo nini, mama? Gazeti akauliza.

— Bunduki ya marehemu bwana yangu. Nimeonyesha kibati, karani akanipa. Hakuniuliza hata jina. Kesho tutaipiga kaburini, alale.

Fataki akamsogezea mgeni nafasi kwenye gogo.

— Lakini kitu kimoja kimeniuma, mama akasema. Karani ameita namba mia mbili na kumi na mbili, mara tatu. Bunduki muzuri, kitako kimechongwa kichwa cha mbogo. Kimya. Nimeona kwa macho yangu wakiitupa mutoni, Lualaba. Sasa niambieni, nyinyi wa hapa: mwenyewe hakuacha mutoto?

Mbogo yule Asumani alimjua. Utotoni alimshikia baba yake gobori lile likichongwa. Alikaza ngumi mfukoni mpaka kibati kikamkata kiganja.

— Hakuacha mutoto? mama akarudia.

Asumani akalikamata birika ammiminie mgeni. Lilikuwa tupu.