Bi. Albina Nandonde na Gundi ya Mkorosho

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Albina Nandonde anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha utafiti hapa Nachingwea. Nimeolewa mwezi uliopita, na nilidhani machozi yangu yote yaliishia ukumbini. Kumbe bado yapo!

Alianzia kwenye vitalu vya miche, lakini penzi lake kubwa ni gundi inayochuruzika kwenye gome la mkorosho. Aliamini kwamba ikiyeyushwa na kuchanganywa na dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshambulia mikorosho, dawa itashika vizuri kwenye majani. Tatizo, mchanganyiko ulivutika kama mlenda na kuziba mabomba ya kupulizia. Ndipo akaanza kuupitisha kwenye kipande cha plastiki angavu chenye vijifereji vyembamba kama unywele, akiuchungulia kwa hadubini aone unapokwama. Jinsi alivyoutazama ukipita! Mume wangu akinitazama nusu ya hivyo, nitazeeka na furaha.

Mwaka juzi wakulima wa kijiji cha Mandawa walimjia kuomba dawa hiyo, msimu wa kupulizia ukikaribia. Ubwiriunga ulikuwa umewapukutishia maua mwaka uliotangulia, na hawakutaka hasara nyingine. Gundi huyeyuka polepole, na wageni walishafika, basi Bi. Albina akaazima blenda ya juisi ya kantini. Mchanganyiko ukapita kwenye vijifereji kama maji. Vigelegele! Mzee Saburi, mmoja wa wakulima hao, akasogeza dumu lake.

Bi. Albina akaupulizia kwenye jani. Wote ukadondoka chini. Blenda ilikuwa imekatakata nyuzi ndefu, zisizoonekana kwa macho, zinazoifanya gundi ivutike na kushika. Akakataa kuwapa.

"Mama Albina, unatupikia uji halafu unatunyima kijiko?" Mzee Saburi alifoka.

"Uji huu haushibishi, baba. Nivumilieni msimu mmoja."

Waliondoka wamenuna. Siku hiyo hakugusa chakula.

Kuanzia hapo alikoroga kwa mwiko, taratibu, akipunguza gundi kidogo kidogo, mpaka ikapita bila kuziba na jani likashika dawa. Mwaka jana aliipeleka Mandawa mwenyewe. Mabomba hayakuziba, na mikorosho ya Mzee Saburi ilibaki na maua yake.

Juzi mzee huyo alipiga simu, ana wasiwasi: sasa nani atawakorogea? Bi. Albina akamwambia aje na mwiko wake. Jana alikuwa hapa maabara, jasho linamtoka, akikemewa kwa kukoroga haraka.

Asante, Mama, kwa kuwaambia ukweli wakulima waliokuwa wanakusubiri. Huko nyumbani Chunyu ukaishi kwa raha, afya na upendo tele.