Mzee Msabaha na Santuri Mbili za Piano

Tarehe 30 Juni 1974, baada ya miaka ishirini na sita, Mzee Msabaha Ausi anastaafu kazi ya uhudumu katika wodi ya kifua kikuu ya hospitali yetu hapa Bagamoyo. Kwa kawaida mstaafu husomewa wasifu wake ukumbini. Wake tumeuandika ausome mwenyewe, kwa kuwa hasikii tena.

Alianza akiwa mfagiaji. Miaka yote amewalisha wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa kuwakaribia, na waliofariki peke yao aliwasindikiza makaburini. Mdomo wake mkali sote tunaujua. Hata sisi wauguzi alitugombeza kwa kuacha beseni sakafuni.

Mwaka 1968 daktari mmoja wa kigeni alirudi kwao akatuachia gramafoni na santuri mbili za piano, moja ya kiklasiki ya Ulaya, nyingine ya jazi. Mzee Msabaha, mtu wa taarabu tangu utotoni, aliiweka ile ya kwanza akaketi kumngoja mwimbaji. Santuri ikaisha. Akaja kulalamika kwamba tumepewa mbovu, mwimbaji hayumo. Tulimcheka wiki nzima. Yeye akarudia kusikiliza, na haukupita muda chakula chake cha mchana kikawa kinapoa mezani. Ya jazi ndiyo iliyomteka zaidi. Alisema mpigaji yule anachelewa makusudi, kisha anafika kabla yako. Nyumbani akawa anazipiga nyimbo zile kwa mluzi kutwa, hata mkewe, Bi Mwanajuma, akanung'unika kwamba aliolewa na mume, sasa anaishi na miluzi.

Mwaka 1972 ugonjwa wa wodini ukamwingia yeye. Vidonge vilimkataa. Sindano zilimpa nafuu, lakini masikio yakaanza kuvuma. Dakta Mansoor hakumficha: akiacha sindano atakufa, akiendelea atakuwa kiziwi.

Akajibu, "Nina watoto bado wanasoma, daktari. Choma."

Tulimsogezea gramafoni kitandani. Alisikiliza kwa pupa, kama mtu anayekula daku adhana ikikaribia. Siku moja aligeuka akatuuliza mbona hatujaiweka santuri. Ilikuwa inazunguka na kulia. Alitutazama nyuso, akaelewa. Inaumiza hata kuliandika hili.

Alipona, akarudi kuwahudumia wagonjwa wale wale. Sasa ametuomba siku ya kumuaga tusipige muziki wowote, maana hawezi kukaa akitazama watu wanaosikia.

Mzee Msabaha, ahsante kwa kutulelea wagonjwa wetu. Tunakuombea uzee wa salama pamoja na Bi Mwanajuma na watoto. Jumamosi tutakula pilau pamoja nawe, na hata redio ya jikoni tutaizima.